Damu ya Majengo na Deni la Vyuo Vikuu

Kama unanyonyesha, nyonyesha. Kama unachagua maharagwe, endelea kuchagua, mradi sikio liwe huku. Leo sitazungumza juu ya kuhara wala surua. Nataka nikusimulie habari ya tangu zamani kidogo, iliyotokea Nairobi, karibu tu na hapa, kisha tuone inakuhusu nini wewe unayekuja kliniki na kadi yako ya mtoto.

Sisi wa Kiuu tunakaa kando ya barabara ya vyuo. Ukipanda matatu hapa Githurai kuelekea Thika, unapita Chuo Kikuu cha Kenyatta, halafu kule Juja kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na ukifika Thika mjini unakuta Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Ndiyo maana si ajabu kwetu kubishiwa hodi na kijana mwenye kitambulisho shingoni na karatasi mkononi. Anauliza mtoto amenyonya miezi mingapi, maji mnachota wapi, umewahi kupoteza mimba. Mara nyingine anaomba damu kidogo, au mkojo, au nywele za mtoto. Wewe unampa, kwa sababu ana adabu, na kwa sababu amesema ni "utafiti".

Nami nina langu la kukiri. Mwaka 2016 nilikuwa nimemaliza diploma yangu ya uuguzi si muda mrefu, na utafiti mmoja wa chuo kikuu, chuo nisichokitaja hapa, ulinichukua kwa miezi mitatu kusaidia kutoa damu za akina mama wajawazito. Walikuwa wanachunguza upungufu wa damu. Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa nne, kwa Kiingereza. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa nasema, "Mama, weka sahihi hapa, majibu yako yatakuja baada ya mwezi mmoja." Mama anaweka sahihi. Majibu hayakuja. Mwenye utafiti alipata shahada yake akaenda zake. Mmoja wa akina mama hao, muuza mboga wa hapa sokoni Githurai, kila tukikutana aliniuliza, "Sista, ile damu yangu ilisemaje?" Ndipo nilipoanza kusoma habari za utafiti na watu waliofanyiwa utafiti, na nikafika Majengo.

Majengo iko Pumwani, mashariki ya katikati ya jiji. Pumwani ni mtaa wa zamani wa Waafrika tangu siku za ukoloni, miaka ya 1920. Wanawake wengi waliopanga vyumba pale walikuwa wametoka mbali kutafuta riziki, wengine hata ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Wengi wao waliishi kwa biashara ya ngono. Naomba usikunje uso, mama. Walikuwa na watoto wa kulisha na karo ya kulipa, na haya tunayoyajua leo kuhusu Ukimwi, sehemu kubwa tuliyajua kutoka kwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Canada kuchunguza magonjwa ya zinaa, hasa vidonda vya sehemu za siri. Ukimwi haukuwa neno la kawaida wakati huo. Mwaka 1985 wakaanza kuwafuatilia wanawake wa Majengo kwa utaratibu: wanakuja kliniki, wanapimwa, wanatibiwa bila malipo, na damu yao inahifadhiwa. Kipimo cha virusi vya Ukimwi kilikuwa ndiyo kwanza kimepatikana. Damu za wanawake maskini waliopimwa Nairobi mwaka huo zilionyesha kwamba karibu wawili kati ya kila watatu tayari walikuwa na virusi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986, na dunia ikashtuka.

Nisimame hapa nimtaje mtu mmoja, kwa sababu alikuwa muuguzi kama mimi. Elizabeth Ngugi ndiye aliyekwenda kukaa na wanawake wale. Aliitisha mabaraza, wakachagua viongozi wao wenyewe, wakafundishana juu ya mipira ya kondomu na namna ya kumkataa mteja asiyetaka kuivaa. Matumizi ya kondomu yakapanda, na mwaka 1988 kazi hiyo iliandikwa katika jarida kubwa la madaktari la Uingereza. Baadaye akawa profesa. Alifariki mwaka 2015. Ukitaka kujua kwa nini wanawake wa Majengo waliendelea kurudi kliniki miaka nenda miaka rudi, usidhani ni daktari wa Canada peke yake aliyewavuta.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Miaka ilivyopita, watafiti waligundua kwamba wapo wanawake wachache ambao, pamoja na kukutana na virusi mara nyingi sana, hawakuambukizwa. Frank Plummer wa Manitoba na wenzake wa Nairobi waliwafuatilia, na mwaka 1996 habari yao ikatangazwa rasmi. Kinga yao ilikuwa na nini? Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakaja kuangalia chembe za damu zao, na kutokana na elimu iliyotoka katika damu hiyo wakaanza kutengeneza chanjo ya kujaribu. Fedha zilitoka kwa shirika la kimataifa la chanjo ya Ukimwi, IAVI. Nairobi ikaundiwa kituo chake, KAVI, ndani ya Chuo Kikuu, chini ya Profesa Job Bwayo.

Mwaka 2000 mambo yakaharibika. Ilijulikana kwamba watu wa Uingereza walikuwa wameomba hataza ya chanjo ile, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwaweka wenzao wa Nairobi. Magazeti yetu yakaandika kwa hasira, na haki yao. Wanasayansi wa Kenya wakasema, sisi tumefanya kazi miaka yote hii, iweje tuachwe nje? Mkataba ukaandikwa upya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaingizwa kuwa mmoja wa wamiliki. Wakenya wengi waliona tumeshinda.

Lakini mama, angalia ni nani waliokuwa wanagombana. Chuo na chuo. Chuo chetu kililia kimeporwa, na kweli kilikuwa kimeporwa. Ila mwanamke wa Majengo aliyenyoosha mkono wake kutolewa damu, yeye hakuwa mezani siku ya kuandika mkataba wala ule wa kwanza wala ule wa pili. Hapa ndipo mimi hutofautiana na watu wanaosimulia kisa hiki kama kisa cha Mzungu na Mwafrika tu. Chuo kinaweza kudhulumiwa na mkubwa wake asubuhi, na jioni chenyewe kikamsahau mdogo wake.

Chanjo yenyewe ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001 kwa watu wa kujitolea wasio na virusi. Kufikia 2004 ilionekana haiamshi kinga ya kutosha, ikaachwa. Kwa hiyo hakuna mamilioni yaliyopatikana ambayo mtu angedai agawiwe. Deni lilikuwa la namna nyingine. Tangu mwaka 1996 ilijulikana kwamba dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, zikitumiwa kwa mchanganyiko, zinaokoa maisha. Kule Canada na Uingereza wagonjwa walizipata. Wanawake wa Majengo wenye virusi, ambao damu yao ilikuwa imeshafundisha dunia kwa zaidi ya miaka kumi, walianza kuzipata katika kliniki yao katikati ya miaka ya 2000, fedha za mpango wa serikali ya Marekani zilipofika. Hesabu miaka hiyo kwa vidole vyako. Wengi walizikwa katikati.

Nisiwe mwonevu. Kliniki ile iliwatibu bure magonjwa mengine, iliwapa heshima ambayo hospitali nyingi hazikuwapa, na watafiti wengine walijitoa sana. Plummer alifia Nairobi Februari 2020, alipokuwa amekuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano wa vyuo vile viwili. Bwayo aliuawa na majambazi wa kuteka magari mwaka 2007, bado akiwa kazini. Watu wema walikuwepo. Lakini wema wa daktari ni kitu kimoja, na wajibu wa chuo ni kitu kingine. Daktari mwema akihama, anahama na wema wake. Wajibu ungeandikwa kwenye karatasi ungebaki.

Na matibabu ya bure nayo yana swali lake. Mtu asiye na mahali pengine pa kutibiwa, ukimwambia "kubali utafiti, nasi tutakutibu", je, ana nafasi ya kukataa? Mwaka 2007 mwanasheria Mkenya Pamela Andanda na mwenzake Julie Cook Lucas waliandika ripoti juu ya Majengo wakiuliza mambo kama haya: ridhaa ilikuwaje, na hawa wanawake wananufaika vipi? Haikuwa kesi mahakamani. Hakuna aliyefungwa wala kutozwa faini. Ilikuwa maswali tu, yaliyoandikwa kwa jina na mahali, ambayo vyuo havikuweza tena kuyaepuka.

Maswali yakazaa kitu. Mwaka 2018 ilitolewa kanuni ya kimataifa ya kuongoza utafiti unaofanywa na nchi tajiri katika maeneo yasiyo na uwezo. Msingi wake ni mambo manne: haki, heshima, kujali na uaminifu. Walioshirikishwa kuiandaa ni pamoja na Wasan wa Afrika Kusini, na wanawake wa Nairobi wanaofanya biashara ya ngono. Ndiyo, hao hao tuliokuwa tukiwakunjia uso. Umoja wa Ulaya ukaichukua kuwa sharti kwa tafiti unazozilipia. Mojawapo ya vipengele vyake kinasema watu waliofanyiwa utafiti lazima warudishiwe matokeo, tena kwa namna wanayoielewa. Nilipokisoma kipengele hicho nilimkumbuka mama mboga wa Githurai, nikaona aibu.

Labda unasema, sista, hayo ni ya Majengo, mimi ni mama wa nyumbani. Haya, njoo nikupeleke Kampala, kwa mama mjamzito kama wewe. Kuanzia mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walijaribu dawa ya nevirapine katika Hospitali ya Mulago. Mama mwenye virusi alimeza kidonge kimoja uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa matone ndani ya siku tatu. Matokeo yalitoka 1999: mtoto akiwa na umri wa wiki 14 hadi 16, walioambukizwa walikuwa kama 13 kwa mia, ambapo kwa kozi fupi ya dawa nyingine, AZT, walikuwa kama 25 kwa mia. Ilikuwa furaha kubwa, kwa sababu dawa ilikuwa rahisi na bei yake nafuu.

Mwaka 2002 wakaguzi walioletwa kutoka Marekani walikuta kumbukumbu hazikutunzwa ilivyotakiwa, na taarifa za madhara hazikupelekwa zote kwa mujibu wa kanuni. Desemba 2004 mambo hayo yalimwagika magazetini. Kelele zikawa nyingi. Wapo waliosema Waafrika wamefanywa panya wa maabara, na wapo akina mama walioanza kuogopa dawa yenyewe. Aprili 2005 jopo huru la wataalamu wa Marekani lililopitia kumbukumbu upya likatoa uamuzi: kasoro zilikuwepo, lakini matokeo ni ya kweli, dawa ilizuia maambukizi. Ilijulikana pia kwamba kidonge kile kimoja kinaweza kuvizoesha virusi kwa mama, na leo mama mwenye virusi hapewi hicho peke yake. Hutumia mchanganyiko wa dawa kila siku, na mtoto hupewa kinga yake.

Nakueleza hili kwa sababu moja. Chuo kikikosea katika kutunza kumbukumbu, anayelipa kwanza ni mama, hata kama dawa ni nzuri, kwa sababu imani ikivunjika anaacha dawa. Makosa yale yangeelezwa mapema kwa uwazi zaidi na vyuo vyenyewe, hofu ya 2004 isingekuwa na kuni. Na wewe ukisikia jirani anasema "usimpeleke mtoto kliniki, wanafanya majaribio", usimcheke. Mwulize amesikia nini, kisha uje uniulize.

Wala usifikiri kila utafiti ni wizi. Hapa hapa Thika, kuanzia Desemba 2018, wasichana wa miaka 15 hadi 20 waliingia katika utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ulioendeshwa na taasisi yetu ya KEMRI pamoja na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani. Walikuwa 2,275, kutoka Thika, Nairobi na Kisumu. Swali lilikuwa: je, dozi moja inatosha? Baadhi walipewa chanjo hiyo, na baadhi, ili kulinganisha, wakapewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Sasa angalia tofauti. Hao wa kulinganishwa nao hawakuachwa mikono mitupu: walipata chanjo ya kuwakinga na ugonjwa mwingine, na ilipangwa tangu mwanzo kwamba mwishoni nao wapewe ile ya mlango wa kizazi. Mwaka 2022 matokeo yalionyesha dozi moja ilikinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili za virusi zinazoleta saratani hiyo kwa wingi. Wasichana wa Thika wameisaidia dunia, na walijua watapata nini kabla ya kunyoosha mkono.

Basi akija mtu mlangoni, utafanya nini? Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inataka ridhaa ya maandishi kabla ya utafiti wa Ukimwi, na kwa mtoto inataka ya mzazi au mlezi. Tangu sheria ya sayansi ya mwaka 2013, utafiti unahitaji leseni ya tume ya kitaifa iitwayo NACOSTI. Kabla ya hapo lazima kamati ya maadili iwe imeupitia, na kila chuo kikubwa kina yake. Mimi binafsi sipendi kwamba mara nyingi kamati inayokagua ni ya chuo kile kile kinachotafiti. Ni kama kumwachia paka alinde samaki, hata kama paka wengine ni waaminifu. Lakini ndiyo tuliyo nayo, na inajibu ikiandikiwa.

Kwa hiyo omba uonyeshwe barua ya kamati na leseni. Omba usomewe fomu kwa Kiswahili au Kikuyu, lugha uielewayo, hata kama foleni ni ndefu na sista amenuna. Uliza damu itakwenda wapi, itakaa muda gani, na majibu yako utayapata siku gani na kwa nani. Nakala ya fomu ni yako, ondoka nayo. Namba ya kamati huandikwa ukurasa wa mwisho. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo ukajitoa kesho, na mtoto wako hatanyimwa chanjo wala wewe dawa kwa sababu hiyo. Akikutisha kwamba utanyimwa, hapo ndipo pa kuipigia kamati simu.

Nirudi kwa damu niliyoitoa mwenyewe. Nilitafuta fomu ya zamani, nikaipata ikiwa imekunjwa ndani ya kitabu changu cha uuguzi, na ukurasa wa mwisho namba ilikuwepo kweli. Niliandika barua kwa kamati ya chuo kile, nikaeleza tuliahidi nini na hatukutimiza nini, na jina langu nikaliweka. Kimya. Nikaandika tena. Baada ya wiki saba walijibu, wakaomba radhi, wakatuma majibu ya akina mama 19 wa kliniki yetu, kila mmoja kwa namba yake ya siri, pamoja na karatasi moja ya maelezo. Niliitafsiri kwa Kiswahili usiku mmoja, jikoni. Sita kati yao damu ilikuwa imepungua kiasi cha kuhitaji matibabu wakati ule wa ujauzito, na hakuna aliyewaambia. Mama mboga alikuwa mmoja wao. Alisoma, akakunja karatasi, akaniambia, "Kumbe ndiyo maana nilikuwa nazimia pale kwenye reli."

Mpaka sasa nimewapata 11. Wengine wamehama, simu hazipiti. Kama mwaka 2016 ulikuwa mjamzito ukihudhuria kliniki hapa Kiuu, ukatolewa damu ya mkono kwa ajili ya utafiti, njoo Jumatano au Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Usiseme habari zako mlangoni. Sema tu unamtaka sista wa majibu ya zamani, nami nitakuita ndani.